Mgodi Ukipangwa Ng'ambo ya Mpaka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kazi yangu ni ukalimani kwenye mikutano ya tathmini ya mazingira, mara upande wa Tanzania, mara upande wa Kenya. Maswali yaliyo hapa ndiyo yanayonifuata hadi mlangoni mwa gari mkutano ukishafungwa. Ziwa Natron litajirudia sana kwenye majibu. Naomba mnivumilie, sijaona mfano wa huku kwetu unaofundisha zaidi.

Mgodi uko nchi nyingine. Sisi unatuhusu nini?

Anza na maji. Mto Ewaso Ng'iro wa kusini unatokea Mau, Kenya, unateremka Bonde la Ufa na kuishia Ziwa Natron, Tanzania. Mto Mara nao unatokea Mau hiyohiyo, unapita Maasai Mara na Serengeti, kisha unaingia Ziwa Victoria karibu na Musoma. Kagera unakusanya maji ya Burundi na Rwanda kabla ya kufika Tanzania na Uganda. Sasa chukua mgodi wowote: utatumia maji, au utayahamisha, au utayachafua, na mingi hufanya yote matatu. Shimo likienda chini sana huvuta maji ya ardhini kutoka pande zote, visima vya ng'ambo vikiwemo.

Kwa hiyo usipime kilomita kutoka boma lako hadi uzio wa mgodi. Uliza: mvua ikinyesha pale, maji yake yanaelekea wapi? Wazee hulijibu swali hili upesi kuliko ramani ya mshauri.

Kushauriana kuvuka mpaka ni kitu gani hasa?

Nchi yenye mradi inamwarifu jirani kabla haijatoa kibali. Inampa taarifa za tathmini ya athari kwa mazingira, inamwachia muda wa kuzisoma na kuwauliza wananchi wake, kisha wanakaa mezani kuzungumzia madhara na njia nyingine za kufanya kazi hiyohiyo. Uamuzi ukitoka, unaeleza maoni ya jirani yamefanyiwa nini.

Neno zito hapo ni "kabla". Barua ya "tunawafahamisha" iliyofika baada ya cheti kusainiwa ni salamu tu.

Je, Afrika Mashariki kuna sheria inayolazimisha hilo?

Ipo, na wengi hawaijui. Mkataba wa kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ulisainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kutumika Julai 2000. Ibara ya 111 inazitaka nchi wanachama kupeana taarifa mapema kuhusu shughuli zinazoweza kuleta madhara makubwa kwa mazingira kuvuka mpaka, na kushauriana tangu hatua za mwanzo. Sura nzima ya 19 ni ya mazingira na maliasili.

Mwaka 2006 ikafuata itifaki ya mazingira yenye maelezo marefu zaidi, lakini kuridhiwa kwake kulisuasua kwa miaka. Mtu akikutajia itifaki hiyo mkutanoni, mpe mkono, halafu wewe shika Mkataba wenyewe. Huo hauna ubishi.

Ukitoka kwenye Jumuiya, kuna Mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu, ambao ibara yake ya 5 inazitaka nchi zinazochangia ardhi oevu au mfumo wa maji kushauriana. Kenya iliingia humo mwaka 1990, Tanzania mwaka 2000. Na tarehe 20 Aprili 2010, katika kesi ya Argentina dhidi ya Uruguay kuhusu kiwanda cha rojo la karatasi kwenye mto wa mpakani, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema kwamba kufanya tathmini pale penye hatari ya madhara makubwa kwa jirani sasa ni sharti la sheria ya kimataifa kwa jumla.

Kuna shimo, na ni afadhali nilitaje kuliko uje utumbukie. Mahakama hiyohiyo iliacha yaliyomo ndani ya tathmini yaamuliwe na sheria za kila nchi, na ikasema kwamba nyaraka zilizotegemewa na Argentina hazikuweka wajibu wa kuwauliza wananchi wa upande wa pili. Maana yake, serikali kwa serikali wajibu umesimama vizuri. Serikali kwa mwananchi wa ng'ambo, unachechemea.

Hebu tuelezeni Natron. Kulitokea nini?

Kwanza ziwa lenyewe. Liko kaskazini mwa Tanzania, chini ya mlima Ol Doinyo Lengai, na ncha yake ya juu inakaribia mpaka wa Kenya. Maji yake ni makali kwa magadi. Magadi yenyewe mnayajua: ni yaleyale yanayotiwa kwenye makande ili maharage yaive upesi, na kwenye ugoro wa bibi. Viwandani hutengenezea kioo na sabuni. Kaskazini kidogo, upande wa Kenya, kuna Ziwa Magadi, ambako kampuni ya kuyachimba ilianzishwa mwaka 1911.

Katikati ya Natron, kwenye matope ambako fisi hafiki, heroe wadogo (flamingo) hujenga viota vya udongo vyenye umbo la pia iliyopinduliwa, na kila jike hutaga yai moja. Inakadiriwa kuwa karibu robo tatu ya heroe wadogo wote duniani huzaliwa hapo. Wale wanaopigwa picha na watalii Bogoria, Nakuru na Elmenteita, Kenya, wengi kwao ni Natron. Ndege hawa wana masharti magumu. Maji yakizidi, viota vinazama. Yakipungua sana, mbweha na fisi wanatembea hadi kwenye mayai. Wakisumbuliwa, wanaacha kila kitu na kuondoka.

Basi katikati ya miaka ya 2000 ukaja mpango wa kiwanda cha magadi palepale ziwani, cha tani 500,000 kwa mwaka. Ulikuwa ubia wa Tata Chemicals ya India na Shirika la Maendeleo la Taifa la Tanzania. Kampuni hiyohiyo ilikuwa imekwisha kukichukua kiwanda cha Ziwa Magadi mwishoni mwa 2005. Ziwa Natron lilikuwa limeorodheshwa na Ramsar tangu 2001. Ripoti ya tathmini ikatoka, ikapigwa na watetezi wa ndege na mashirika ya kiraia ya nchi zote mbili, na Februari 2008 timu ya ushauri ya Ramsar ikafika kujionea. Mwaka huohuo mwekezaji akajitoa.

Hoja iliyouma zaidi ilikuwa ya mpakani: huwezi kupima athari kwa heroe ukiishia kwenye bikoni, yaani nguzo ya mpaka, maana ndege anazaliwa Tanzania na kula Kenya, na mto unaolisha ziwa unatoka Kenya. Nusu ya tathmini ilikuwa nchi nyingine.

Na Wakenya wasitabasamu mapema. Upande wao kulikuwa na mpango wa muda mrefu wa mabwawa matatu ya umeme kwenye Ewaso Ng'iro, Oletukat, Leshota na Oldorko, ambao toleo lake la awali lilitaka hata kuhamisha maji ya Mto Amala, unaolisha Mara. Hapo Kenya ndiyo ya kuulizwa na Tanzania ndiyo ya kulalamika. Anayedai kushauriwa leo, kesho atadaiwa.

Mwekezaji akijitoa, yameisha?

Hapana. Magadi hayaendi popote. Baada ya 2008 viongozi wa serikali waliendelea kusema hadharani kwamba ya Natron yatachimbwa. Kilichobadilisha mwelekeo kwa kiasi kikubwa ni kupatikana kwa magadi mengi Engaruka, wilayani Monduli, kusini mwa ziwa, na Shirika la Maendeleo la Taifa likageuzia macho huko. Hili nalisisitiza kwa sababu mikutanoni watu hugombana juu ya "ndiyo" na "hapana" wakasahau swali la tatu: hapa tu, au panaweza kuwa pengine? Sura ya njia mbadala kwenye ripoti nyingi ni kurasa mbili za kunakili. Ifungue hiyo kwanza.

Cheti cha mazingira kina mwenye nacho na kina masharti, kwa hiyo mwekezaji mpya akija, dai mchakato mpya. Nakala za maoni yenu ya mwanzo zihifadhiwe na mtu anayejulikana, si kwenye simu ya mwenyekiti aliyemaliza muda wake.

Ulaya wanafanyaje?

Wana Mkataba wa Espoo, uliosainiwa Finland mwaka 1991 na kuanza kutumika 1997. Uchimbaji mkubwa wa madini na makaa ya mawe umetajwa kwenye orodha yake. Unachowazidi wengine ni sharti moja: wananchi wa nchi itakayoathirika wapewe nafasi sawa na ya wananchi wa nchi yenye mradi. Siku hizi uko wazi kwa nchi zote za Umoja wa Mataifa, ila Kenya na Tanzania si wanachama.

Kuwa na mkataba hakuzuii ugomvi. Turów ni mgodi wa wazi wa makaa ya mawe Poland, kwenye kona inayopakana na Czech na Ujerumani. Mwaka 2020 Poland ilirefusha leseni yake kwa miaka 6. Wacheki wa vijiji vya jirani wakasema visima vyao vinakauka, na Februari 2021 nchi yao ikaenda mahakamani. Mei, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaamuru uchimbaji usimame. Poland haikusimamisha. Septemba ikatozwa faini ya euro 500,000 kwa kila siku. Februari 2022 majirani wakapatana kwa euro milioni 45 pamoja na kazi za kulinda maji.

Faini ya siku nne tu ingetosha kulipia upimaji wa visima wa miaka mingi. Hesabu hiyo ni yangu na si ya kitaalamu, lakini ninapoitaja mkutanoni maofisa huandika.

Je, nchi jirani inaweza kusema hapana na mradi ukafa?

Haiwezi. Uamuzi unabaki kwa nchi yenye madini. Jirani ana haki ya kuambiwa, kusikilizwa na kujibiwa kwa sababu zinazoeleweka. Kazi halisi ya majadiliano iko kwenye masharti: bwawa la topesumu, yaani la mabaki ya mgodi, likae upande gani wa mwinuko, maji yapimwe wapi, nani apate matokeo na baada ya siku ngapi. Kituo kimoja cha kupimia maji upande wa pili wa mpaka, kinachosomwa na watu wa pande zote mbili, kina faida kuliko tamko la mawaziri.

Mimi ni Mkenya. Naweza kupeleka maoni kuhusu mgodi wa Tanzania? Na kinyume chake?

Andika. Maoni ya maandishi hayaulizwi kitambulisho cha taifa, na mamlaka ya mazingira ya nchi yenye mradi ikishayapokea yanaingia kwenye kumbukumbu. Ila usitume huko peke yake. Nakala iende mamlaka ya mazingira ya nchi yako, maana ndiyo yenye nguvu ya kuuliza rasmi, na nyingine kwa serikali yako ya karibu, yaani kaunti kwa Kenya, halmashauri kwa Tanzania. Omba mhuri wa "imepokelewa" wenye tarehe. Wakikataa kugonga, tuma kwa barua pepe palepale ukiwa umesimama kaunta.

Kanuni za tathmini za Kenya za 2003 zina kipengele cha miradi yenye athari nje ya mpaka, kinachomtaka mwenye mradi kuhakikisha hatua zinachukuliwa kwa kuzingatia mikataba iliyopo na nchi husika. Ni kifupi, lakini kinatosha kukitaja kwa jina kwenye barua.

Ripoti ni ya Kiingereza, kurasa mia kadhaa. Tufanyeje?

Kanuni za Tanzania za 2005 zinataka muhtasari usio wa kitaalamu kwa Kiswahili na Kiingereza. Udai. Usiridhike na ule unaosomwa kwa spika siku ya mkutano huku upepo ukipiga. Dai wa karatasi, siku kadhaa kabla.

Na ukishaupata usome kwa jicho kali, maana mambo hupotea njiani. Niliwahi kukalimani kikao ambacho Kiingereza kilisema maji ya visima "yanaweza kushuka hadi mita kadhaa ndani ya eneo la athari", na Kiswahili cha muhtasari kikasema "maji yatasimamiwa vizuri". Mama mmoja aliyekaa mbele akaniuliza, "Mwanangu, kusimamiwa ndiyo kupungua?" Nikamjibu ndiyo, mama, hapa ndiyo maana yake. Mshauri aliyeandika ripoti hakufurahi, lakini sentensi ilirekebishwa.

Kwenye maoni tuandike nini?

"Tunapinga mradi" huhesabiwa kama kura na kuwekwa kando. Kinachomlazimisha mtaalamu kujibu ni jambo analoweza kwenda kuliona. Kisima kiko wapi na kina futi ngapi, kilichimbwa mwaka gani, kiangazi maji hushuka hadi wapi. Mifugo mingapi hunywa hapo na miezi gani. Mto hukauka lini, na ukikauka mnachimba mchanga sehemu gani. Picha ya ndoo kwenye kisima yenye tarehe ina uzito. Chupa ya maji iliyopimwa maabara kabla ya mgodi kuanza ina uzito zaidi, maana mgodi ukishaanza kila mtu atasema maji yalikuwa hivyohivyo.

Kisha malizia kwa swali, lisiwe ombi. "Nani atatupa matokeo ya maji, na kwa lugha gani?" Swali lisilojibiwa kwenye ripoti linaonekana hata kwa hakimu.

Sisi ni wafugaji. Kiangazi tuko upande huu, masika upande ule. Tuhesabiwe wapi?

Pande zote mbili, na hili ndilo linaloharibika mara nyingi kuliko yote. Wamasai wa Natron na Magadi ni jamii moja yenye koo moja na malisho yasiyojua bikoni. Mtafiti anakuja na dodoso mwezi Agosti, anakuta maboma matatu, anaandika "idadi ya watu ni ndogo". Angekuja baada ya mvua angekuta mia.

Wazee wa pande zote wakae kwanza wenyewe, wachore njia za mifugo na sehemu za maji na chumvi kwa mwaka mzima. Mchoro huohuo uingizwe kama kiambatisho kwenye maoni ya Kenya na ya Tanzania. Ukifanana herufi kwa herufi, hakuna mamlaka itakayosema haukuonekana.

Tukipuuzwa, tunaweza kwenda mahakamani?

Ndani ya nchi, ndiyo. Kenya ina mahakama maalumu ya rufaa za mazingira, ambayo Juni 2019 ilifuta leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe Lamu, na ushirikishwaji duni wa wananchi ulikuwa sababu mojawapo.

Kuvuka mpaka, nenda Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kufungua shauri bila kwanza kumaliza mahakama za kwao. Shirika la Kenya la kutetea wanyama liliishtaki Tanzania mwaka 2010 kuhusu barabara ya lami iliyopangwa kukatiza kaskazini mwa Serengeti, na Juni 2014 kitengo cha awali kikasema mpango huo ungekiuka Mkataba. Si mgodi, lakini mlango ni uleule.

Mlango huo una komeo: miezi 2. Inaanza kuhesabiwa tangu uamuzi ulipofanyika, au tangu ulipojua. Mashirika yaliyofungua shauri Novemba 2020 dhidi ya bomba la mafuta ghafi la Uganda na Tanzania yaliambiwa Novemba 2023 kwamba yalichelewa, na shauri likatupwa pasipo hoja za mazingira kuamuliwa. Miaka 3 ya kesi, jibu ni kalenda. Siku mkisikia mkataba umesainiwa au cheti kimetoka, andikeni tarehe ukutani.

Na wachimbaji wadogo wa ng'ambo wenye zebaki?

Utaratibu huu wote umetungwa kwa miradi mikubwa. Mialo ya kuoshea dhahabu mtoni hushughulikiwa kwa vikao vya ujirani mwema vya wilaya na kaunti, na kusema kweli hufanya kazi pale tu maofisa wawili wanapofahamiana.

Macho tuyaelekeze wapi sasa?

Nikiulizwa mimi, Ngara. Nikeli ya Kabanga iko karibu na mpaka wa Burundi, kwenye bonde la Kagera, na Burundi nayo ina nikeli yake Musongati. Nchi mbili, madini yaleyale, maji yaleyale. Halafu Ziwa Nyasa: urani ya Kayelekera, Malawi, iko kwenye vijito vinavyoingia Rukuru Kaskazini na hatimaye ziwani, na ziwa hilo watu wa Kyela na Mbamba Bay wanalinywa na kulivua.

Mkutanoni tunapewa karatasi ya mahudhurio na soda. Tusaini?

Soda kunywa. Karatasi isome kichwa chake kwanza. Nimeona moja iliyoandikwa juu "Orodha ya Mahudhurio" siku ya mkutano, na kwenye ripoti ikawa kiambatisho chini ya kichwa "Ushahidi wa Ridhaa ya Jamii". Majina ni yaleyale, dole gumba ni zilezile, hata doa la soda lilikuwepo. Tangu hapo nawashauri watu waandike kando ya jina, kwa mkono wao: "nimehudhuria tu". Asiyejua kuandika amwambie kijana amwandikie, kisha aweke dole juu ya maneno hayo. Na kabla karatasi haijarudishwa mezani, mtu mmoja aipige picha.